Maranda ya Ijumaa

Naanza na mikono yake, maana ndiyo iliyonitia kinyaa kwanza. Ilikuwa mikono mikubwa ya mwanamke aliyelima tangu utotoni, kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama, na sikuwahi kuiona ikiwa mikavu. Alikuwa akimpasua panya kutoka kidevuni hadi mkiani, anatoa wengu, anatoa mifupa ya mapaja, anajifuta kwenye koti lake jeupe mara mbili tu, halafu ananyoosha mkono ule ule kunisalimia. "Karibu kazini, nyathina." Nyathina ni mwanangu, kwa Kijaluo. Siku hiyo ya kwanza nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu na cheti cha maabara mfukoni, na nilisimama mlangoni nikitafuta njia ya kumwamkia mkubwa wangu bila kumgusa. Sikuipata, nikaushika.

Glavu hakuzitaka. Alisema zinamzuia kusikia mfupa. Sisi wengine alituamuru tuvae, akatukagua hata kucha, akatunusa mpaka kwapa, yeye mwenyewe damu imemkauka kwenye pete ya ndoa.

Sote tulimwita Madam, hata wakubwa zake waliokuja kutoka Nairobi na viatu vya kung'aa. Alikuwa mkuu wa nyumba ya panya, jengo la mabati na wavu nyuma ya ofisi za zamani za mifugo, pale Homa Bay, na mimi nilikuwa fundi wake wa maabara kwa miaka saba. Wa tatu wetu alikuwa Boke, mama Mkuria kutoka Migori, upande wa mpaka wa Tanzania, aliyeosha vizimba. Nasema mapema ili mtu asidhani naandika sifa za marehemu. Madam yuko hai. Alimfukuza Boke kazi na kumwita mchafu mbele ya watu, kwa kosa ambalo Boke hakulifanya, na mpaka leo nikimkumbuka Madam na mikono yake, roho inanichafuka. Mwaka huu Boke amehitaji barua ya kusafisha jina lake, na barua hiyo ndiyo iliyonirudisha kwa Madam.

Watu wa mjini waliuliza panya wa nini. Wengine walisema tunawalisha wazungu. Kazi yetu ilikuwa uboho, basi. Ndani ya mfupa wa paja la panya, mfupa usiozidi njiti ya kiberiti, kuna uboho mwekundu, na ndani ya uboho huo kuna seli chache sana ambazo damu yote ya mwili hutoka kwazo. Madam aliziita wamama. "Wamama wamelala," alikuwa akiniambia, amebandika jicho kwenye hadubini, mdomo wazi. "Wanaohangaika huku nje ni watoto. Mama analala kwa sababu akichakaa yeye hakuna wa kuchukua nafasi yake." Kirusi kikiingia mwilini, kengele inalia. Wamama wanaamka, wanaanza kuzaa haraka haraka, na wanachozaa ni askari, zile seli nyeupe za kupigana. Damu nyekundu inawekwa kando kwanza. Kengele ikinyamaza, wanarudi kulala. Kilichomsumbua Madam miaka yote niliyomjua ni hiki: kengele isiponyamaza je? Mama anayeamshwa kila siku anadumu mpaka lini?

Tulikuwa na vyumba viwili. Cha kushoto kilikuwa na panya tuliowadunga kirusi, kirusi cha panya wenyewe kisichomsumbua binadamu. Cha kulia kilikuwa na panya wazima, waliodungwa maji ya chumvi tu, wa kulinganishia. Chumba cha kulia ndicho kilichobeba kila kitu, kwa sababu huwezi kumjua mama aliyeamka kama hujamwona aliyelala. Funguo zake zilikuwa mbili, ya Madam na yangu. Boke hakuwa na ufunguo. Yeye aliletewa vizimba vichafu nje, kwenye bomba, akaviosha na kuvipanga juani.

Sasa chakula chake. Mungu wangu! Madam alikuwa Msabato wa kweli kweli, hali nyama. "Mimi kitu chenye damu hakipiti mdomo wangu," alisema, na damu imemfika kwenye viwiko. Kwenye friji ya maabara, katikati ya vichupa vya uboho, aliweka nduma za kuchemsha na chupa ya uji wa wimbi. Siku moja nilimwona akikoroga uji huo kwa kijiti cha kioo tunachokorogea dawa. Aliukoroga, akakilamba kijiti juu mpaka chini, akakirudisha kwenye kikombe cha vijiti. Nilitoka nje nikatema mate. Boke alikuwa kwenye bomba, akaniona nilivyokunja uso, nikamweleza. Alicheka mpaka akakalia ndoo. "Huyu mama iko siku atakunywa panya," alisema, "na atashukuru Mungu kwanza."

Na kushukuru alishukuru. Panya aliwaua kwa penseli. Anamweka mezani, anakandamiza penseli nyuma ya shingo, anavuta mkia, tik, kwisha. Kabla ya kuvuta alisema polepole, "Asante kwa huyu." Kila mmoja, hata siku ya kuua arobaini. Mimi nilipojaribu mara ya kwanza nilivuta kidogo tu, na yule mnyama akabaki anapiga teke. Madam alimnyakua, akammaliza, kisha akanichapa kofi mkononi kama mtoto wa shule. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yanamtiririka. "Umemuumiza bure! Amekukosea nini?" Siku nzima hakuongea na mimi. Niliwahi kuona mfanyakazi wa bustani akianguka kwenye ngazi na kuvunjika mkono, na Madam akauliza kama vizimba viko salama.

Lakini mimi pia nilimtia kinyaa, niseme ukweli. Nilikuwa nikibeba kamongo wa kukaanga kwa chakula cha mchana, yule samaki mrefu wa kwenye matope, asiye na magamba ya kuonekana. Kwa Msabato huyo ni najisi. Aliponikuta nikimla kwenye kona ya meza, alirukia mlangoni. "Shindwe! Toa hiyo nyoka nje!" Alichukua sahani yangu kwa ncha za vidole, akaitupa kwenye majani, akaja na chupa ya spiriti akasugua kona ile mpaka rangi ikabanduka. Meza hiyo hiyo, nusu saa kabla, ilikuwa na matumbo ya panya kumi na wawili, na aliifuta kwa kitambaa kikavu. Nilimwambia. Akanitazama kwa huruma. "Panya ni kazi," alisema. "Huo ni uchafu."

Hata hivyo, kila ninachojua cha kunilisha leo nilikipata kwake. Alinifundisha kukata ncha mbili za mfupa, kupitisha sindano nyembamba upande mmoja na kusukuma maji ya chumvi taratibu mpaka uboho utoke upande wa pili kama uzi mwekundu na mfupa ubaki mweupe. Nilivunja mifupa miezi mitatu. Hakuchoka. Alisimama nyuma yangu, pumzi yake ya wimbi shingoni mwangu, akisema, "Panya hana haraka, ni wewe uko na haraka." Mama yangu alipolazwa na mapafu, Madam alikwenda wodini kila siku baada ya kazi akamwogesha mgongo, yeye mwenyewe, bila kutumwa. Kwa mikono ile! Nilitaka kupiga kelele. Mama alimpenda mpaka anatoka hospitali, akaniambia mikono ya yule mama ina joto la kutuliza. Utasema nini kwa mgonjwa?

Sabato yake ilianza Ijumaa jua linapozama, na Ijumaa kuanzia saa nane hapakukalika. Panya walitakiwa kupewa chakula cha siku mbili, chupa za maji zijazwe, malalo yabadilishwe, milango ifungwe, naye awe njiani kwenda nyumbani kuoga kabla jua halijagusa ziwa. Jumamosi nilikuja mimi, Mkatoliki, kuangalia kama kuna aliyekufa. Nilimtania, "Madam, amri inasema hata mtumishi apumzike." Akasema, "Wewe si mtumishi wangu. Wewe ni mtumishi wa mradi." Aliamini alichosema. Aliweka dhambi kwenye mkono wa mtu mwingine akaenda kanisani amenyooka, kofia nyeupe kichwani.

Malalo ya panya yalikuwa maranda, yale makapi ya mbao yanayotoka kwenye randa. Tuliyapata kwa mafundi wa majeneza, kando ya barabara ya kwenda chumba cha maiti. Huku kwetu mazishi mengi ni Jumamosi, kwa hiyo mafundi hupiga randa Alhamisi yote na Ijumaa asubuhi, na ikifika Ijumaa mchana maranda yamewafika magotini na wanataka yaondolewe. Boke alikwenda na magunia akayaleta. Sharti, na Madam mwenyewe ndiye aliyelibandika ukutani, lilikuwa kwamba hakuna maranda yoyote yanayoingia chumba cha kulia kabla ya kupikwa kwenye pipa la mvuke na kuanikwa. Panya wa nje hulala kwenye maranda, wanakojoa humo, na panya wa nje wana magonjwa yao.

Siku nyingine tulilifuata sharti. Ijumaa ndiyo iliyotushinda. Pipa lilichukua saa nzima kupata moto wa makaa, saa nyingine kupika, na maranda yaliyolowa mvuke hayakauki ukiyatazama. Gunia lilifika saa tisa. Nakumbuka Ijumaa ya kwanza. Nilikuwa napuliza makaa, Madam akatoka na mkoba tayari begani.

"Wacha hiyo. Mimina tu. Jua linatuacha."

"Madam, haya bado hayajapikwa. Panya wa nje wanalala humo."

"Hao mafundi wako na paka. Mimina, nyathina, ama unataka nikosane na Mungu kwa ajili ya takataka?"

Nikafungua chumba cha kulia kwa ufunguo wangu, nikamimina. Nilimimina Ijumaa iliyofuata pia, na iliyofuata, na baada ya mwezi mmoja hakuna aliyezungumzia pipa siku ya Ijumaa. Kwenye daftari la mvuke lililoning'inia ukutani nilikuwa naandika "yamepikwa" kwa sababu safu ile haikuwa na nafasi ya jibu lingine. Boke alijua tu kwamba gunia limeingia. Kilichofuata ndani hakukiona.

Miezi ikapita. Tukafungua panya wa kulia ili tuwalinganishe na wa kushoto, na wa kwanza alipopasuliwa niliona kwa macho yangu: wengu limevimba, jeusi, limejaa tumbo. Panya mzima hana wengu la namna hiyo. Madam alisema huyo ni mmoja, ana bahati mbaya. Wa pili, vivyo hivyo. Tukatia seli rangi, tukatazama. Wamama wa chumba cha kulia walikuwa macho, wote, wanazaa askari kwa fujo, na hakuna aliyewadunga. Madam alisema rangi imeoza. Tukabadilisha rangi. Akasema hadubini ina vumbi, akaifungua akaipangusa kwa kanga yake. Mwishowe alituma damu Nairobi kwenye barafu, na majibu yakarudi: panya wa kulia wana kirusi cha aina ile ile, kile cha panya wa porini na majumbani. Kazi ya miaka miwili ilikuwa imekufa. Hatukuwa na hata mama mmoja aliyelala wa kuonyesha.

Siku hiyo Madam alikalia kreti katikati ya chumba, hakula, hakunywa. Nilimhurumia. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa sasa najisikia mjinga. Nilidhani namwona mtu anayetubu. Kumbe alikuwa anatafuta.

Asubuhi yake wakubwa walifika kutaka maelezo. Madam alimwita Boke kutoka kwenye bomba, mikono yake bado ina povu, akamsimamisha mbele yao.

"Boke, hebu sema ukweli. Nyumbani kwako kuna panya?"

Boke akashangaa. "Kwani ni nyumba gani haina panya, Madam?"

"Mmesikia," Madam akawaambia wale watu. Mmoja akaandika. Hayo ndiyo yaliyoitwa kukiri. Madam akaendelea kwa sauti laini, sauti ya kanisani, kwamba mama huyu anatoka kwenye nyumba chafu, anakuja na nguo alizolalia, kwamba amemwonya mara nyingi juu ya usafi na moyo wake unamuuma. Kuonya gani? Boke alikuwa mtu pekee mle aliyenawa kabla ya kula! Aliosha kizimba mpaka ukitaka unakulia.

Ndipo Boke akanigeukia. "Fundi, si wewe uko hapa kila siku? Waambie. Mimi huingia huko ndani?"

Wote wakanitazama. Madam hakunitazama, alikuwa anafuta miwani. Mfukoni nilikuwa na ufunguo wa pili. Nikasema, "Mimi mara nyingi huwa niko kwa hadubini. Siwezi kujua yote."

Boke aliondoka kabla ya saa sita. Homa Bay ni mji mdogo. Mwezi haukuisha watu walikuwa wanasema yule mama wa Migori alileta ugonjwa, na hata hoteli alikoomba kazi ya kuosha vyombo ilimkataa. Akaenda Osiri, kule kwenye machimbo ya dhahabu, akawa anaosha udongo na kufinyanga zebaki kwa mikono mitupu ili ishike chembe za dhahabu. Nilimtembelea mara mbili. Nilijiambia ni urafiki. Mara zote mbili alinipikia, ugali wa mtama na kuku, akanipa mguu wa kuku kama mgeni wa heshima, akawaambia majirani, "Huyu ndugu yangu, tulifanya kazi pamoja. Huyu anajua mimi niko msafi." Nikala. Nikaomba na mchuzi. Nikikumbuka nilivyopangusa sahani ile natamani kujitapika.

Mwaka huu alinipigia simu. Hospitali moja ya kanisa huko Migori inatafuta mtu wa kusafisha chumba cha upasuaji. Walimpenda, lakini mtu alikuwa ameshawapelekea ile hadithi ya Homa Bay, nao wakataka barua ya mwajiri wake wa zamani kuhusu usafi wake, iwafikie ndani ya wiki, ama nafasi iende kwa mwingine. "Kifua changu kimeharibika na hii zebaki," alisema. "Nikikosa hii, nitafia kwa huu udongo. Niombee barua kwa Madam, ndugu yangu. Wewe anakupenda."

Basi nikaenda Kosele, ambako Madam amejenga baada ya kustaafu. Ilikuwa Jumanne, mchana mweupe. Nilimkuta ukumbini anapepeta njugu, amenenepa, mguu mmoja umefungwa bendeji iliyogeuka njano. Nzi walikuwa wanaifuata. Aliniita nyathina, akafurahi kweli, akaniulizia mama yangu, akaniuliza nafundisha nini siku hizi chuoni. Nilimwambia nasimamia maabara ya wanafunzi. "Unaona!" alisema. "Mimi nilikutengeneza." Kisha nikamweleza habari ya Boke.

Hakusita. Aliomba karatasi, akaandika akiwa ameiegemeza kwenye ungo, kwa mwandiko wake mzuri, akanipa. Nikasoma kwa sauti, kwa sababu macho yangu hayakuamini. Iliandikwa kwamba yeye, kama Mkristo, amemsamehe Boke uzembe uliosababisha hasara, na anaamini amejifunza usafi, apewe nafasi ya pili.

"Madam, unamsamehe nini?"

Aliendelea kupepeta.

"Unamsamehe nini Boke? Ni maranda. Maranda ya Ijumaa. Hayakupikwa."

"Najua," alisema.

"Umejua lini?"

"Siku ile majibu yalikuja. Nilikaa pale kwa kreti nikarudi nyuma wiki kwa wiki. Mimi si mjinga." Alitoa njugu iliyooza, akaitupa uani. "Wale wakubwa walikuwa wanafunga kila kitu. Wangeua hao panya wote siku hiyo, hata wa kushoto, na swali langu lingekufa. Nikawapa Boke, wakaniachia chumba kimoja na mwaka mmoja. Na nilipata jibu kidogo, unajua? Wale wamama wanachoka. Wakiamshwa sana, hata kengele ikinyamaza hawarudi vile walikuwa." Uso wake uling'aa akisema hivyo. Alikuwa mbele yangu na kidonda chake na nzi wake, na kilichomfurahisha ni hicho.

"Ulimuuza mtu kwa ajili ya panya," nikamwambia. "Unanitia kinyaa, Madam. Tangu siku ya kwanza unanitia kinyaa."

Hakukasirika. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikivunja mfupa. "Sawa. Mimi nilikuwa na swali la kulinda. Wewe siku ile ulikuwa unalinda nini?"

Nilikuwa nalinda mshahara na kiti cha kukalia. Hata ule mwendo wa Kosele, nilikuwa nimekuja ili aseme yeye, ili mimi nisiseme. Nikachukua karatasi nyingine nikaandika: Boke hakuhusika na ugonjwa ulioingia nyumba ya panya. Maranda yaliingizwa chumba cha kulia bila kupikwa. Nikampa.

Akavaa miwani. "Yaliingizwa na nani? Hawa wa hospitali wakisoma hivi watasema ni yule wa kuosha. Nani mwingine hubeba magunia?"

Nikaongeza: kwa amri ya mkuu wa nyumba.

"Na aliyefungua mlango?"

Nikaandika kwamba mimi, fundi wa maabara, ndiye niliyefungua na kumimina, kila Ijumaa, kisha nikaandika daftarini kwamba yamepikwa, na kwamba Boke aliponiomba nishuhudie nilikataa. Madam akasoma mpaka mwisho, akachukua kalamu yangu, akatia sahihi yake chini ya yangu kwa urahisi, kama mtu anayepokea gunia la mahindi.

"Mimi nimestaafu, hainiumi," alisema. "Wewe chuoni wataisikia. Peleka tu kama unapeleka." Kisha akanisukumia ungo. "Chukua njugu." Sikuchukua. Nilitoka bila kuaga, na nyuma yangu nilisikia ameanza kuimba.

Siku iliyofuata nilimpelekea Boke barua Osiri. Alinawa kwanza, akakaa kwenye jiwe nje ya nyumba yake, akaisoma polepole akifuata mstari kwa kidole. Alipofika katikati kidole kilisimama. Akarudia mstari ule.

"Ni wewe ulimimina."

"Ni mimi."

"Na ile siku nakuuliza mbele ya watu, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akaikunja barua mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga.

"Hii watakubali?"

"Watakubali. Wote wawili tumetia sahihi."

"Ni sawa." Alisimama akafungua mlango wake, akasimama katikati yake. "Huyo Madam, tukikutana njiani nitamsalimia. Alinifukuza, akakaa mbali na mimi. Wewe ulikuja hapa, ukakaa, ukala kwangu."

Akaingia ndani.